Hotuba za maadui wa Roma: ni maneno yao kweli?

Mwalimu_Mkoani: Assalaam alaykum. Nasomesha historia skuli ya sekondari huku Pemba. Wanafunzi wameipenda mno hotuba ya Calgacus, kiongozi wa Wabritania waliopigana na Roma, iliyomo kwa Tacitus, mwanahistoria wa Kirumi, na wanaichukulia kuwa ni sauti ya Mbritania mwenyewe. Niwaoneshe vipi namna ya kuipima?

Forodhani77: Waalaykum salaam, mwalimu. Anza na tarehe. Vita vya Mons Graupius, ambavyo hotuba hiyo inasemwa ilitolewa kabla yake, vilipiganwa mwaka 83 au 84, na Tacitus kaandika kiasi cha mwaka 98, akimsifu baba mkwe wake Agricola, jemadari wa Warumi siku hiyo. Huyo Calgacus hatajwi na mwandishi mwengine yeyote wa zama zile. Halafu wasome kwa sauti anavyowasema Warumi: "Wakishafanya mahame, huyaita amani." Huo ni ufasaha wa skuli za Roma, si wa milima ya Kaledonia (Scotland ya leo). Tena Agricola anahutubia papo hapo baada yake, mmoja anatupa na mwenzake anajibu, kama washairi kwenye malumbano.

BintiWete: Ni sawa, ila wasiishie kusema "uongo". Kutunga hotuba kulikuwa kanuni ya kazi, na msomaji wa zama zile akiijua. Ushahidi upo: mwaka 48 Kaizari Claudius alilihutubia baraza la seneti la Roma kuhusu wakuu wa Gaul (Ufaransa ya leo) kuingizwa humo. Maneno yake yalichongwa kwenye bamba la shaba lililopatikana Lyon mwaka 1528. Yaweke ubavuni mwa hotuba hiyohiyo alivyoiandika Tacitus: hoja kuu imebaki, lakini kafupisha, kapangua mpango, kabadilisha maneno. Kama kaizari kafanyiwa hivyo, Calgacus je?

Kisha wape Boudica, malkia aliyeongoza uasi wa Wabritania dhidi ya Roma. Tacitus kampa maneno machache, yumo kwenye gari la farasi na binti zake. Cassius Dio, mwanahistoria mwengine, zaidi ya miaka 100 baada ya uasi, kampa hotuba ndefu na sungura anayetolewa kwenye pindo la nguo. Hotuba hizo mbili zinatofautiana sana.

Forodhani77: Usimwache Critognatus, mkuu wa Kigaul aliyehutubia ndani ya mji wa Alesia, mwaka 52 KK. Caesar, jemadari wa Warumi, yuko nje ya boma analolizingira, lakini anaandika yaliyosemwa ndani neno kwa neno! Mle mna shitaka zito kwamba Roma inataka utumwa wa milele, na mna shauri la kula nyama ya wasioweza kupigana. Waulize wanafunzi kwa nini mambo hayo mawili yametiwa kinywani mwa mtu mmoja. Hapo ndipo mkono wa Caesar unapoonekana.