Msanii akishazikwa, kazi zake anakula nani?

Mtoa mada (Dar es Salaam)

Wakuu, kila ikifika Aprili 7, siku aliyofariki mwigizaji Steven Kanumba, picha zake zinarudi kwenye simu zetu. Agosti 8 inakuwa zamu ya mchekeshaji Mzee Majuto. Tunaandika "pengo lako halizibiki", tunarushiana vipande vya video zao, kesho yake tumesharudi kwenye Simba na Yanga. Sina ugomvi na hilo. Ila vile vipande vina matangazo ndani yake, na matangazo yana hela. Nani anazichukua?

Mwaka 2012, siku ya kumuaga Kanumba, viwanja vya Leaders Club vilijaa mpaka watu wakazimia. Makamu wa Rais, Dk. Bilal, alikuwepo. Kijana wa miaka 28 akasindikizwa makaburi ya Kinondoni kama kiongozi wa nchi. Mzee Majuto naye alichekesha taifa hili kwa zaidi ya nusu karne, lakini 2018, akiwa mgonjwa, habari kubwa ikawa mikataba yake, mpaka waziri wa sanaa wa wakati huo, Mwakyembe, akaunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii. Agosti mwaka huohuo mzee akafariki Muhimbili, akazikwa kwao Tanga. Rambirambi zilimiminika. Rambirambi ni za siku arobaini. Vichekesho vyake vinatazamwa mpaka leo.

Msimamo wangu: kituo kinachorusha filamu ya marehemu, na yeyote anayeipandisha mtandaoni kwa faida, awalipe warithi sehemu ya mapato, hata kama marehemu alimuuzia msambazaji kazi hiyo jumla. Najua hapo kwenye "hata kama" ndipo mtanipiga mawe. Naomba kuwasilisha.

Mchangiaji, Kariakoo

Na mimi ndiye wa kwanza kurusha jiwe. Nimeuza filamu za Kibongo tangu enzi za kanda mpaka DVD zilipokufa. Mnaongea kana kwamba msambazaji alikuwa anakaa tu anahesabu noti. Kava, stika, kudurufu, usafiri wa kwenda Mwanza na Mbeya, yote juu yake. Filamu ikitoka Jumatatu, Jumatano wezi wameshaidurufu, inauzwa barabarani kwa bei ya maandazi. Hasara hiyo msanii hakuigusa.

Halafu tuambiane ukweli. Msanii ukimwambia "tusubiri mauzo tugawane", alikuwa anakuona tapeli. Anataka chake mkononi, leo, kwa sababu ana kodi ya nyumba na anadaiwa na watu wa kamera. Karatasi yenyewe ilikuwa nusu ukurasa: jina la filamu, kiasi, "nimeuza haki zote", sahihi, dole gumba la shahidi. Nyumba ukishaiuza, mwanao haji miaka kumi baadaye kudai kodi kwa mpangaji.

Mchangiaji, Nakuru

Huku kwetu si msambazaji, ni stesheni. Mchekeshaji Mzee Ojwang tulikua naye kwa vipindi vya televisheni vya Vitimbi na Vioja Mahakamani, ile lafudhi yake ya Kijaluo ilhali mwenyewe ni Mkikuyu. Macho yalipomsumbua uzeeni, Wakenya wakaombwa mchango. Alifariki Julai 2015. Mtu ambaye kila nyumba yenye televisheni ilimjua, anachangiwa matibabu! Miaka mitano baadaye tukampoteza Charles Bukeko, aliyeigiza Papa Shirandula, yule askari wa getini aliyewadanganya watu wa kijijini kwao kwamba ana kazi ya ofisini.

Lakini nina wasiwasi na pendekezo lako, kaka. Stesheni ikiambiwa ilipe kila inaporudia kipindi cha zamani, itafungia kanda stoo. Na vile vipindi vya kitambo ninavyoviona leo, vingi vimewekwa na watu wa kawaida waliovirekodi sebuleni kwa kanda za video za VHS. Ukiwafukuza hao, mjukuu wangu atamjulia wapi Ojwang?

Mchangiaji, Dodoma

Nafanya kazi zinazohusu mirathi, niongeze machache.

Kwanza, huo mfano wa nyumba haukai vizuri. Hakimiliki ina ukomo wa miaka kisheria, kisha kazi inakuwa ya wote; nyumba haiwi hivyo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya 1999, inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Aliyeandika hadithi na aliyeigiza si lazima wawe mtu mmoja, na hapa ndipo waigizaji wanapoumia. Mkataba wa Roma wa 1961, ule wa kimataifa wa haki za wasanii wanaorekodiwa, ulisema mwigizaji akikubali kurekodiwa kwenye filamu, ulinzi wake chini ya mkataba huo unaishia hapo. Mwanamuziki alibaki na cha kushika, mwigizaji hana. Mkataba wa Beijing wa kurekebisha hilo ulipitishwa Juni 2012, miezi miwili na ushee baada ya Kanumba kuzikwa, na ukaanza kufanya kazi 2020. Na Kanumba alikuwa pia mtunzi na mtayarishaji, kwa hiyo kwa mtu kama yeye lazima uulize filamu moja moja: hapa alikuwa nani?

Pili, familia zenyewe. Mahakama ya Mwanzo, msimamizi wa mirathi anaorodhesha mali: shamba, pikipiki, kabati la vyombo, friji bovu. Sijawahi kuona mtu ameandika "filamu kumi na mbili, mikataba imeambatishwa". Hata msanii mwenyewe hakubaki na nakala. Sasa utamdai nani, kwa karatasi gani?

Mtoa mada

Wa Dodoma umenipa nondo. Wa Nakuru, aliyeweka kipande bila matangazo mimi simgusi, nazungumzia anayelipwa.

Mzee wa Kariakoo, hasara za wezi nazikubali. Lakini "haki zote" ya mwaka 2007 ilikuwa haki zote za nini? Wewe na msanii mlikuwa mnazungumzia kanda na diski. Hakuna kati yenu aliyekuwa anafikiria kwamba mtu wa Muscat atatazama filamu hiyo kwenye simu na wewe utalipwa. Hicho hakikuwepo mezani, kwa hiyo hakikuuzwa. Kwenye kanda kula zote. Kwenye mtandao, mgawane na warithi nusu kwa nusu.

Mchangiaji, Kariakoo

Nusu! Aliyezihamisha hizo kanda kwenye kompyuta, akazisafisha sauti, akalipa umeme, ni marehemu? Robo, tena mrithi aje na barua ya mahakama, maana zikisikika hela, watoto wa nje nao watajitokeza wengi.

Mchangiaji, Dodoma

Robo unayoitaja hapa, uko tayari kuiandika na kuweka sahihi?