Dawa ya thairoidi inamsumbua paka wangu, naomba ushauri

Habari zenu wapendwa. Paka wangu jike, miaka 13, amegundulika tezi ya thairoidi (ile ya shingoni) inafanya kazi kupita kiasi. Anakula sana, lakini ukimpapasa mgongoni unahesabu mifupa. Daktari wa mifugo alimwanzishia methimazoli, dawa ya kutuliza tezi hiyo, miligramu 2.5 asubuhi na jioni. Sasa anatapika, na anajikuna uso mpaka manyoya juu ya jicho yametoka, ngozi imebaki na vidonda. Daktari kasema nisitishe kwanza, kesho ampime damu, na figo pia.

Je, kuna aliyetumia ile ya kupaka ndani ya sikio? Hapa Dar nani anaitengeneza? Kabimazoli, dawa ya thairoidi ya binadamu, hugeuka methimazoli mwilini, kwa hiyo nahofia muwasho utarudi palepale. Naombeni uzoefu wenu kabla ya kesho, roho yangu haijatulia kabisa.