Wana wa Ngamiani 🌴 (Alhamisi, 31 Julai 2025)

12:10

Zuhura: Assalamu alaykum ndugu zangu. Tiketi za besiboli, za Twins pale Target Field, za Jumamosi tarehe 9 nimeshazilipia, 22, kwa kadi YANGU. Waliotuma hela mpaka saa hizi ni tisa. Wengine mnasoma tu, nawaona.

Zuhura: Dola 28 kwa kichwa. Watoto wachanga wanapakatwa, hawalipi.

Hamisi: Shangazi na mimi nipakatwe?

Zuhura: Wewe kwa upana huo lipa mbili.

Rukia: 😂😂😂

Rukia: Ila mama mdogo subiri kwanza. Idrisa hataki tena kwenda. Tangu jana kajifungia chumbani, hata pilau hakugusa. Wamemuuza Duran.

Zuhura: Nani kamuuza nani?

Salim: Jhoan Duran, yule mrushaji wa kumalizia mechi. Akiingia taa zinazimwa uwanja mzima na moto unawaka kwenye skrini. Jana wamempeleka Philadelphia. Jumatatu walishampeleka Paddack kwa Detroit.

Rukia: Jezi nimemnunulia Juni. Jina mgongoni. Unajua jezi ya kweli bei gani?

Hamisi: Ongeza T mwishoni iwe ya Kevin Durant, akavae kwenye kikapu

Rukia: Hamisi mtoto analia.

Hamisi: Pole kwake. Lakini T ni dola mbili tu

Zuhura: TIKETI jamani.

Athumani St. Paul: Waalaykum salaam. Salim, sasa sisi mwaka huu tunanunua au tunauza? Mimi redio ya gari imekufa.

Salim: Shikamoo mjomba. Tunauza. Dirisha la kuhamisha wachezaji linafungwa leo saa kumi na moja jioni ya hapa, hajaondoka huyo peke yake. Tumeshinda chini ya nusu ya mechi zetu, Detroit wako mbali mbele, na kwenye zile nafasi tatu za ziada za kuingia mtoano kuna timu kibao mbele yetu.

Athumani St. Paul: Marahaba. Mei si tulishinda 13 mfululizo?

Salim: Mei ndiyo. Juni ikaja.

Mbaraka Ohio: Wamefanya la maana. Timu haiendi popote, unang'ang'ania watu wa nini? Unauza bei ikiwa juu. Ukingoja utauza kwa bei ya kutupa.

Zuhura: Mbaraka na kuuza 🙄

Mbaraka Ohio: Unamaanisha nini dada?

Zuhura: Nimesema kitu mimi? Tuma hela ya tiketi.

Mbaraka Ohio: Mimi niko Columbus, tiketi ya nini?

Zuhura: Ulisema unakuja na watoto wanne. Sauti yako ninayo humu humu, usinifanye niitafute.

*Hamisi ametuma kibandiko.*

Rukia: Idrisa kafungua mlango. Anasema niandike hivi: Atlanta 2021 walikuwa chini ya nusu kama sisi, nyota wao Acuña kaumia goti vibaya, na hawakuuza. Walinunua wachezaji wanne wa nje mwezi wa saba, Pederson, Duvall, Soler na Rosario, wakachukua World Series. Soler akawa mchezaji bora wa fainali. Amesema "mjibu huyo babu wa Ohio".

Mbaraka Ohio: Babu?? Nina miaka 44.

Hamisi: Babu wa Ohio 💀💀 naibadilisha kwenye simu sasa hivi

Salim: Idrisa ana hoja, ila Atlanta ni mmoja. Mwambie naye Angels wa 2023. Walikuwa na nyota Ohtani, mkataba wake unaisha mwaka ule ule. Kila mtu anasema muuzeni mpate chipukizi. Wakakataa, wakanunua, wakamtoa mdakaji wao chipukizi ili wapate warushaji Giolito na López kutoka White Sox. Agosti wakaporomoka, na mwezi haujaisha wakawaachia hao hao bure, anayetaka achukue. Desemba Ohtani akaenda Dodgers. Hawakupata kombe wala chipukizi.

Rukia: Kafunga mlango tena.

Zuhura: Nimepata hela ya Mwajuma. Mmefika kumi. Ahsante Mwajuma, wewe ndiye mwenye adabu humu.

Athumani St. Paul: Ngojeni niwape ya zamani. Agosti 1987 Detroit walikuwa wanataka kombe hilo hilo. Wakamchukua mzee mmoja kutoka Atlanta, Doyle Alexander, miaka 36. Akawarushia mechi kumi na moja, akaandikiwa ushindi tisa. Hakupoteza hata moja. Wakaongoza kundi. Halafu wakakutana na nani? Sisi. Tukawatoa, tukachukua World Series. Sasa kule Atlanta walipewa nini? Mtoto wa Michigan kwao, miaka 20, yuko ligi za chini, anaitwa John Smoltz. Leo yuko kwenye ukumbi wa magwiji.

Hamisi: Hadithi za baba zimeanza, tieni chai

Athumani St. Paul: Sijamaliza. 1991, mechi ya saba ya fainali, Metrodome, hapa hapa Minneapolis. Mrushaji wa Atlanta ni Smoltz yule yule. Wa kwetu Jack Morris. Sifuri kwa sifuri mpaka raundi ya kumi. Morris alikataa kutoka, karusha kumi zote. Tukashinda 1-0. Mimi nilikuwa naosha vyombo hotelini, mpishi kaweka redio juu ya friji, sahani nimevunja tatu usiku ule.

Salim: Kwa hiyo mjomba, ununue au uuze?

Athumani St. Paul: Detroit wa 1987 walipata mrushaji waliyemtaka na bado wakajuta. Mimi nasema hayo tu.

Mbaraka Ohio: Kwa hiyo aliyeuza ndiye aliyepata. Ahsante kaka.

Zuhura: Aliyeuza alikuwa anauza CHAKE.

Mbaraka Ohio: Dada kama ni Pongwe sema Pongwe.

*Ujumbe huu umefutwa.*

Rukia: Mama mdogo nimeuona kabla hujaufuta.

Hamisi: Nani ana namba ya fundi friji? Yule Mkongo wa Brooklyn Park. Langu linatoa maji chini

Zuhura: Hamisi jamani!!

17:24

Salim: Haya. Dirisha limefungwa. Kaeni chini.

Salim: Correa karudi Houston. Coulombe Texas. Castro Cubs. Bader naye Philadelphia. Stewart Dodgers. Jax Tampa. Varland na France Toronto. Ukichanganya na Duran na Paddack wametimia kumi.

Rukia: Kumi???

Salim: Kumi kutoka kwenye kikosi cha watu 26.

Hamisi: Basi sisi 22 tukienda tarehe 9 tutawazidi, tukacheze wenyewe

Athumani St. Paul: Varland? Si kijana wa hapa? North St. Paul?

Salim: Huyo huyo. Kasoma chuo hapa St. Paul pia.

Athumani St. Paul: Lahaula.

Salim: Mimi mchana nilikuwa natetea, lakini hii ya leo tuipange vizuri. Kuna kuuza kwa aina tatu hapa. Castro, Coulombe, France, Paddack, mikataba yao inaisha mwaka huu. Hao kila timu iliyokata tamaa huwatoa, wangeondoka bure Novemba. Sina neno. Pili ni Duran, Jax na Varland. Duran na Jax walikuwa wetu mpaka 2027, Varland zaidi. Hao ndio waliokuwa wanafunga mechi raundi za mwisho. Timu inayosema "mwakani tutarudi" haiuzi hao wote kwa mpigo, labda mmoja, ambaye bei yake imepanda sana. Kwa Duran tumepata Abel, mrushaji, na mdakaji wa miaka 18, Tait. Kwa Jax, Taj Bradley. Si haba. Ila mwakani mechi zitafungwa na nani?

Salim: Tatu ni Correa. Alisaini milioni 200 mwaka 2023, mkataba mpaka 2028. Houston wamemchukua na sisi tunawaongezea milioni 33 juu yake. Tunalipa ili aondoke. Hiyo si ya mpira, ni ya daftari.

Mbaraka Ohio: Daftari ndilo linaloendesha nyumba.

Athumani St. Paul: Salim, timu yenyewe si iko sokoni? Tangu Oktoba mwaka jana wenyewe walisema wanatafuta mnunuzi. Anayetaka kuuza nyumba hutoa vyombo kwanza. Basi vimetolewa.

Salim: Ndiyo maana yake mjomba.

Rukia: Idrisa anauliza Buxton kabaki?

Salim: Kabaki. Ana haki ya kukataa kuhamishwa na alisema hatoki. Joe Ryan pia yupo. Correa naye alikuwa na haki hiyo hiyo, yeye akakubali. Na Correa na Buxton mwaka 2012 walichaguliwa pamoja timu zilipogawana chipukizi, Correa wa kwanza Houston, Buxton wa pili kwetu.

Rukia: Anasema basi jezi ya Buxton. Sinunui mimi.

Hamisi: Shangazi hizi tiketi zinauzika? Maana kama wachezaji wameuzwa na sisi tuuze. Mimi zangu mbili nazitoa 15

Rukia: Kwa kweli mama mdogo, hata mimi nafikiria. Twende kumwangalia nani?

Zuhura: HAKUNA kuuza tiketi. Hela yangu dola 616 iko kule. Hamkumbuki 2023? Oktoba, mechi ya Toronto, timu ilikuwa haijashinda mechi ya mtoano tangu 2004, 18 zimepotea mfululizo, mkaniambia "Zuhura usinunue, tutaaibika tena". Nikanunua sita tu. Lewis akapiga hom-rani mbili, mkanipigia simu mnalia mnataka tiketi! Na wawili kati ya wale sita hawajanilipa mpaka leo. Majina nayahifadhi.

Athumani St. Paul: Mmoja ni mimi.

Zuhura: Wewe ni kaka mkubwa, nimekusamehe. Mwingine anajijua.

Hamisi: 👀 nani ana namba ya fundi friji jamani, serious

Mbaraka Ohio: Mimi nasema ukweli, tiketi ziuzwe mapema, zikifika tarehe 8 hazina bei. Mtu asione haya kuuza. Mnapenda kushikilia vitu mpaka vinaoza.

Zuhura: Zimeonwa na watu 19. Wanaojibu watano. Sawa.

21:34

Bi Mkubwa Tanga: 🎤 Ujumbe wa sauti (0:52)

Rukia: Kwa walioko kazini wasioweza kusikiliza, Bibi anasema: Assalamu alaykum. Nimeamka kuswali alfajiri nakuta simu imejaa. Kauzwa huyu, kauzwa yule, vyombo vimetolewa, nyumba inauzwa, wameuza kumi. Moyo umenidunda. Nauliza mara moja tu. Mmeuza nini? Nyumba ya Ngamiani mimi nikiwa hai haitajwi kwenye simu.

Zuhura: Mama shikamoo! Hapana mama, si nyumba! Ni mpira! Timu ya huku imeuza wachezaji. Nyumba ipo salama mama, hakuna aliyeigusa.

Athumani St. Paul: Shikamoo mama. Mimi ndiye niliyetaja vyombo. Ilikuwa mfano tu. Nisamehe.

Salim: Shikamoo Bibi. Ni besiboli Bibi. Hakuna kilichouzwa chetu.

Bi Mkubwa Tanga: 🎤 Ujumbe wa sauti (0:19)

Rukia: Bibi anauliza: Watu kumi? Na huyo aliyewauza, aliwauliza wenzake?

21:58

Zuhura: Sawa mama. Tumekusikia.

Mbaraka Ohio: Mama nitakupigia leo nikitoka kazini. Inshallah.

Asha Muscat: *Imetumwa mara nyingi.* 🌹🌹 IJUMAA MUBARAK 🌹🌹 Mtumie watu kumi na wewe upate baraka

Hamisi: Asha na wewe kumi 😭😭

Asha Muscat: Kwani nini? Ndio naamka

Bi Mkubwa Tanga: 🎤 Ujumbe wa sauti (0:14)

Rukia: Anasema Idrisa apelekwe mpirani, na jezi asivuliwe, imeshanunuliwa. Na anataka picha.

Zuhura: Basi. Bi Mkubwa kashasema. Tunaenda. Sasa hela. Kumi wamelipa, Rukia unalipa lini?

Rukia: Ijumaa ya mshahara. Ila Idrisa hajakubali bado, nitamsikilizisha sauti ya Bibi asubuhi.

Salim: Mimi na mwenzangu tupo. Natuma sasa hivi.

Zuhura: Kumi na mbili. Kaka?

Athumani St. Paul: Nipo. Tukutane wapi? Maegesho ya pale Jumamosi ni vita. Mimi nasema treni.

Hamisi: Treni na watoto tisa na mabeseni ya sambusa? Hawaruhusu kila kitu mle ndani baba

Zuhura: Sambusa nani kasema?

Hamisi: Wewe, Jumapili

Zuhura: Hilo tutalizungumza kesho. Mbaraka, hao wanne wako wanakuja au niwape watu wengine? Nijibu ndiyo au hapana.

Zuhura: Mbaraka?

23:41

Mwanaidi: Jamani nilikuwa zamu ya jioni simu kwenye kabati. Mechi gani? Duran atarusha? Wanangu wanampenda sana

Zuhura: Mwanaidi soma juu.

Mwanaidi: Meseji 146 mama mdogo. Niambie tu

Hamisi: Namba ya fundi nimepata, msihangaike