Naomba ushauri: vichwa vya shaba tupu au vya madini ya risasi kwa kuwinda kulungu?

Wakuu, habari zenu. Najijazia mwenyewe risasi za bunduki yangu ya .308 Winchester, na nimekwama kwenye kuchagua vichwa, yaani kile kipande cha mbele kinachoruka na kumpiga mnyama.

Kulungu ninaowawinda wana kilo 60 hivi, nawapiga wakiwa mita 80 hadi 150. Siku zote nimetumia vichwa laini vya greni 150 (karibu gramu 10), vyenye madini ya risasi ndani na koti jembamba la shaba nje. Shabaha ni nzuri. Tatizo ni nyama. Wa mwisho nilimpiga begani kwa karibu, kichwa cha risasi kikasambaratika, bega zima likajaa damu na vipande, tukalitupa. Iliniuma sana, mnyama ukishamuua una deni la kumtumia wote. Na nyama hiyo wanakula watoto.

Nimejaribu kulenga nyuma ya bega, imesaidia kiasi. Nikajaribu shaba tupu ya greni 165, matundu yakatawanyika hadi sentimita 7 kwa mita 100. Nahisi ni urefu: shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi, kwa hiyo kichwa cha uzito uleule huwa kirefu zaidi, na mtutu wangu unakizungusha mara moja kila inchi 12, labda polepole mno kwa kichwa kirefu hivyo kutulia.

Je, nishuke hadi greni 130 za shaba, au nichukue 165 ambazo koti limeunganishwa kabisa na madini ya risasi ya ndani? Na mliotumia shaba, kwenye mita 150 kichwa kinachanua vizuri, au kinapenya tu na mnyama anakimbia mbali?