Mjadala: Siti and the Band wanaiharibu taarab yetu?

Assalaam alaykum, ndugu zangu wa Unguja na Pemba.

Wapo wanaodai kuwa bendi hii, iliyoanza mwaka 2015 na vijana waliopitia chuo cha muziki cha DCMA, imeichafua taarab kwa kuichanganya na fanki, jazi na rege. Mimi nakataa. Anayepinga aje na hoja.

Zamani taarab ya ikulu ya Sultani ikiimbwa kwa Kiarabu. Mwimbaji wa zama zile Siti binti Saad, mtoto wa Fumba, akaiimba kwa Kiswahili, mwaka 1928 akaenda Bombay kurikodi santuri, na nyimbo zikawafikia watu wa Ng'ambo, mitaa ya wanyonge wa mjini, ambao kwa Sultani hawakuwa na pa kuingilia. Kikundi cha taarab cha Ikhwani Safaa, waliopo tangu 1905, nao walijenga sauti yao kwa kuusikiliza muziki wa Misri. Fidla na akodiani vyote vilitoka nje, na leo hakuna anayevikataa.

Hasara naiona kwengine. Rusha roho, taarab ya kisasa ya kucheza, iliposhika miaka ya 1990, kikundi cha East African Melody kikivuma, kinanda cha umeme kikatoa peke yake sauti ya fidla, nai (filimbi) na ngoma. Harusi ikahitaji wapigaji wachache, mpiga ganuni akakosa kazi. Kijana gani atajifunza chombo chenye nyuzi zaidi ya 70, kinachotaka kutiwa sauti kila siku, kama hakimlishi? Sasa isikilizeni albamu ya bendi hii ya mwaka 2018: ganuni imo, udi umo, fidla imo, vyote vinapigwa na watu. Gitaa la besi halikumfukuza mtu.

*Mchangiaji wa Wete:*
Sheikh, kinanda umekionea. Kukileta Pemba kikundi kizima ni nauli ya boti na malazi ya watu kumi na tano. Kwa kinanda na spika mbili harusi inajaa, kina mama wanacheza na kutunza pesa mpaka usiku mkubwa. Hao unaowasifu wanapiga wapi? Unguja kwenye tamasha la Sauti za Busara, na mahotelini. Huku kwetu bibi zetu hawawajui.

*Mwanzisha mjadala:*
Ndugu yangu wa Wete, gharama ni kweli, lakini jibu lake tunalo siku zote: kidumbaki, taarab ya kikundi kidogo. Fidla moja, sanduku la besi, vidumbaki (ngoma ndogo) viwili, cherewa (manyanga) na mkwasa (vijiti vya kugonganisha). Watu hawazidi sita, umeme hautakiwi, na kina mama wanacheza vilevile. Mbona harusini tunakimbilia kinanda?

Hilo la mahotelini linaniuma, maana muziki usiosikika kwa wenyewe unakauka hata ukipigiwa makofi na wageni. Kwa hiyo nataka jambo moja: sikukuu ya Idd vijana hawa wapige Wete na Chake Chake, kiingilio kiwe cha mtu wa kawaida, na serikali ibebe nauli. Nani anapinga, na kwa sababu gani?