Tupeane uzoefu: uliyewahi kumpokea mfadhili aliyekuja "kuona watoto", au ukawa wewe ndiye mfadhili

Kandambili

Wakuu, heshima kwenu.

Binamu yangu yuko Norway. Kazini kwao kuna kikundi cha watu kumi na wawili wanaokatwa kila mwezi kwenye mshahara, hela inaenda kwenye kituo kimoja cha watoto huku Arusha. Mwezi wa saba wanakuja kuona hela yao inafanya nini. Kanipigia: "Kaka, wewe umefanya kazi kwenye mambo hayo, tukifika tuangalie nini?" Nikapata kigugumizi, maana mimi miaka minne nilikuwa karani wa stoo kwenye kituo kingine, na sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa kuhakikisha mgeni haangalii kitu.

Nianze na yangu. Taarifa ya ugeni ikifika, wiki nzima hakuna kazi nyingine. Chokaa inapakwa ukuta wa mbele tu, ule unaoonekana ukitokea getini. Sanduku la fulana za njano linatoka stoo, watoto wanavishwa. Basi la wageni likikata kona, fulana zinavuliwa, zinafuliwa, zinarudi sandukuni na vidonge vya naftalini. Mimi ndiye niliyekuwa nazihesabu: 64. Kuna mtoto aliwahi kujifungia chooni ili asivuliwe yake. Mgeni njoo mwenyeji apone, na kweli tulikuwa tunapona, siku hiyo hata sisi wafanyakazi tulikula nyama.

Sisemi wenye kituo walikuwa wezi. Watoto walisoma, wakiumwa walitibiwa. Ila hela iliyowatibu hakuna mgeni aliyewahi kuiona, kadi ya bima ya afya nani ataipiga picha? Waliona fulana.

Nani mwingine ana lake? Dereva, mpishi, mkalimani, wewe uliyefadhiliwa, wewe unayetuma kutoka nje. Binamu anapita hapa kusoma.

Dereva wa Moshono

Mkuu umenigusa. Mimi nabeba watalii. Kuna miaka safari zetu za Ngorongoro zilikuwa zinaisha na "kutembelea yatima" kabla ya kuwarudisha uwanja wa ndege, KIA. Ilikuwa imeandikwa kabisa kwenye ratiba, kati ya chakula cha mchana na duka la vinyago.

Naomba nikiri. Duka la karibu na kituo lilikuwa linanipa elfu tano kwa kila gari nitakalosimamisha hapo wageni wanunue sukari na mchele. Wiki moja nilipakia kiroba kile kile cha sukari mara tatu. Nilikijua kwa sababu kona moja kilikuwa kimeshonwa kwa uzi wa bluu. Kinanunuliwa, kinapokelewa kwa makofi, usiku kinarudi dukani. Mara ya tatu nilishindwa hata kumtazama yule mtalii usoni. Elfu tano nilichukua lakini.

Mmoja tu alitushinda akili. Mama wa makamo, Mdachi. Walipowekewa viti vya plastiki waangalie ngoma yeye akaomba kwenda chooni. Akaonyeshwa cha wageni, akakataa, akataka cha watoto. Alirudi kimya, akamuuliza mkuu wa kituo swali moja: hapa maji yanatoka wapi? Ziara iliishia hapo, sura zilikuwa zimebadilika. Baada ya miezi kadhaa nilipita nikaona tanki la lita 5,000 limesimama. Lipo mpaka leo.

Nyanyachungu

Mie nitasimama upande mwingine kidogo. Nilifadhiliwa kupitia kanisani tangu darasa la pili. Nilikuwa nakaa nyumbani na mama, Singida vijijini huko, Jumamosi tunaenda kanisani: tunapimwa uzito, tunakula wali maharage, tunaandika barua kwa wafadhili. Sasa hizo barua! Mwalimu anaandika ubaoni, sisi tunanakili. "Hapa nyumbani hatujambo. Mvua zimenyesha. Mbuzi wetu wanaendelea vizuri." Kwetu hatukuwa na mbuzi hata wa dawa. Miaka mitano nimeandika mbuzi wanaendelea vizuri.

Niko darasa la saba, mfadhili akaja. Mzee Mkorea, mwalimu mstaafu. Akakaa kitandani maana ndipo palipokuwa na nafasi, mkalimani juu ya ndoo iliyogeuzwa. Mama akatoa chai. Mzee akanywa, akaangalia ukuta, akachungulia nje, kisha akauliza: mbuzi wako wapi?

Mkalimani akanitazama, mimi nikamtazama mama. Mama hajui habari ya mbuzi, barua hajawahi kuzisoma. Lakini mama yangu ni mama yangu. "Wako malishoni," akajibu, akanipiga jicho. Nikatoka mbio kwa jirani, nikarudi na mbuzi wawili wa kuazima, mmoja beberu ananuka balaa. Mzee akafurahi, akapiga nao picha, akauliza majina yao. Nikataja majina ya kaka zangu.

Mwaka uliofuata alituma hela ya siku ya kuzaliwa. Mama akanunua mbuzi wa kweli, kwa aibu tu.

Ugeni ule haukufika saa moja. Lakini yule mzee alikuja na bahasha ya barua zangu zote, amezipanga kwa tarehe. Mtu mzima wa nchi nyingine alikuwa anajua nilipata ngapi hesabu darasa la nne, wakati baba yangu mzazi hakujua niko darasa la ngapi. Kwa hiyo mkianza kusema ziara hazina maana, mie nitawapinga.

Karafuu

Dada Nyanyachungu, nimecheka mpaka mke wangu kaamka.

Mie mtu wa Pemba, nipo Muscat mwaka wa kumi na tatu. Kwetu Waislamu yatima ni mtoto asiyebaleghe aliyefiwa na baba, hata kama mama yupo hai na anapika maandazi kila siku alfajiri. Wazungu wakisikia neno hilo hilo wanamfikiria mtoto asiyekuwa na mtu duniani. Mchango mwingi umeingia kwenye ufa huo.

Sisi watu wanane kazini tunachangia mayatima ishirini na mbili huko Pemba. Hakuna kituo, kila mtoto yupo kwa mama yake au bibi yake, pesa zinakwenda kwa mwezi, mtoto anakwenda skuli. Mwaka juzi tukasema twende tukaone. Tukakodi gari mbili kubwa, nyeupe, tukazisimamisha mbele ya nyumba ya mjane wa kwanza. Wallahi nilitamani ardhi inimeze. Kijiji kizima kimetoka. Yule mama alikuwa hajamwambia mtu kuwa anasaidiwa, na shemeji zake walikuwapo pale pale. Baada ya sisi kuondoka wakaanza kudai na wao "fungu la marehemu".

Safari ya pili tuliacha gari barabarani. Nikaenda mimi na mwenzangu mmoja tu, kwa miguu, tumefuatana na sheha, kama watu waliokuja kuhani. Tulikaa, tukazungumza habari za karafuu na homa za watoto. Pesa hatukuzitaja. Mama mwenyewe ndiye alotuonesha daftari la mtoto bila ya kuombwa.

Nyuki

Nyie endeleeni kuwatisha wafadhili. Wakiacha kutuma, hao watoto mtawalisha nyie na fulana zenu za njano?

Mstaafu wa Halmashauri

Ndugu Nyuki, swali lako ni la haki. Nimekuwa afisa ustawi wa jamii miaka ishirini na mitano, katika wilaya tatu. Kuna makao niliyoyafunga na mwezi uliofuata nikakuta mtoto niliyemrudisha kwa mjomba amehamia stendi. Sijasahau.

Lakini Kandambili amwambie binamu yake hivi. Kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, makao ya watoto lazima yawe na leseni. Aiombe, wala si kosa la adabu. Kisha aulize kila mtoto ana faili? Ndani ya faili kuna nini kuhusu ndugu zake? Na swali langu nililolipenda kuliko yote nilipokwenda kukagua: mwaka jana wamerudi nyumbani wangapi? Mkuu wa makao mmoja alinijibu kwa fahari, "Hakuna hata mmoja, hapa wanapapenda." Nikafungua mafaili. Watoto kumi na moja mama zao walikuwa wanaishi umbali wa daladala moja. Mmoja alikuwa anauza ndizi sokoni, tukamfuata, akatuambia alimpeleka mwanawe pale kwa sababu ya ada na sare, basi. Kile alichokikosa yule mama kilikuwa kidogo kuliko gharama ya kumlaza mtoto wake bwenini kwa miezi mitatu.

Wageni hawakuwahi kupelekwa kwa muuza ndizi.

Mtoto wa Malindi

Huku kwetu Kenya mwaka 2017 serikali ilisimamisha usajili wa nyumba mpya za watoto, na Sheria ya Watoto ya 2022 ikakaza zaidi, lengo likiwa watoto walelewe kwenye familia. Kabla ya hapo, loo! Mimi nilikuwa mwalimu katika shule ndogo iliyokuwa ndani ya nyumba moja ya watoto. Wageni wa kujitolea walikuja kwa wiki mbili mbili, na kila mmoja alipewa darasa langu. Kila mmoja alianza na rangi. Malindi ni mji wa Waitaliano, kwa hivyo watoto wa darasa la tatu walijua rosso, verde, giallo, kisha Wajerumani wakaja tukaanza upya. Kugawanya kwa tarakimu mbili hatukufika.

Kilichoniuma si rangi. Kulikuwa na msichana wa miaka mitano, mgeni yeyote akiingia alikuwa akimkimbilia na kumkumbatia miguu. Wageni walikuwa wakilia kwa furaha, "ametupenda!" Mimi nilikuwa nikijua alishamkumbatia hivyo hivyo yule wa wiki jana, na wa kabla yake, na ile siku ya kuondoka wao ndiyo mimi nilibaki naye.

Theluji

Niko Minneapolis, nilikwenda Kambodia na watu wa kanisa letu. Siem Reap, jioni moja, watoto wanagawa vipeperushi barabarani: njooni mtuone tukicheza ngoma kwenye kituo chetu. Wenzangu wote wakataka kwenda. Mimi niliona fulana za njano kabla hata sijasoma huu uzi. Kumbe huko kulishakuwa na kampeni tangu 2011 inayowaambia wageni kuwa watoto si vivutio vya utalii, bango lake linaonyesha watoto ndani ya kabati la vioo kama la makumbusho. Nililionyesha kwenye simu, tukaacha kwenda. Wawili walininunia mpaka uwanja wa ndege.

Ziwa Kivu

Nimefanya kazi Rwanda. Hesabu ya 2012 ilikuta vituo 33 vyenye watoto zaidi ya 3,300, na serikali ikaanza kuwarudisha kwenye familia. Asiye na ndugu anapewa mlezi anayeitwa Malayika Murinzi, malaika mlinzi. Nilimpeleka mgeni mmoja kwa mlezi kama huyo. Tulimkuta anachambua maharage, mtoto anachunga ndama nje, hakuna aliyeimba. Mgeni akaniuliza kwa sauti ya chini, "Sasa mradi uko wapi?"

Nyuki

Haya, hiyo ya muuza ndizi nimeielewa.

Kandambili

Binamu kasoma yote. Kikao chao kilikuwa kirefu, kuna waliokasirika maana mabegi 60 ya shule walishayanunua na nembo ya kikundi chao imeshachapwa. Mwishowe wamekubaliana waje wawili badala ya kumi na wawili, na nauli za wale kumi ziende kwenye kuwarudisha watoto kwao kama kituo kina mpango huo. Kituo hakijajibu mpaka leo, ni siku ya tisa. Kaniuliza akifika aanzie wapi. Nimemwambia aanzie stoo, aombe leja ya vilivyoingia na vilivyotoka, kisha ahesabu fulana.

Dereva wa Moshono

Mwezi wa saba tarehe ngapi mkuu? Wawili wanaenea kwenye Noah, na sokoni kwenye ndizi nitawasimamisha bure.