Naomba ushauri: kozi za lazima nje ya meja (fani kuu), chuo cha liberal atsi Marekani

Habari zenu wakuu, naombeni msaada kwa waliosoma hivi vyuo vidogo vya liberal atsi Marekani, vile unasoma masomo mchanganyiko pamoja na fani yako. Niko mwaka wa kwanza, Ohio, meja yangu itakuwa kompyuta, form six nilisoma PCM (fizikia, kemia na hesabu). Ili nihitimu natakiwa krediti 128 (pointi unazopata kwa kila kozi) na humo ndani kuna kozi ambazo kila mtu lazima apige hata kama haziigusi meja yake, uandishi, sanaa, historia au falsafa, sayansi ya jamii, sayansi yenye maabara na lugha ya kigeni. Wenzetu wa vyuo vya Grinnell na Amherst wao ni semina ya mwaka wa kwanza na meja basi, ila ndo hivyo skolashipu ilitokea huku.

Advaiza (mshauri wangu wa masomo) kaniambia lugha naweza kusamehewa sababu nimekua na Kiswahili, lakini krediti sipewi, kwa hiyo ile nafasi naijaza na kozi nyingine. Cheti changu cha form six cha NECTA (baraza la mitihani Tanzania) nimepeleka kwa rejistra, ofisi inayotunza rekodi za masomo, wanataka na silabasi ya fizikia, bado wanazungusha. Na kushuka chini ya krediti 12 kwa semista haiwezekani, viza yangu ni F-1, ya mwanafunzi.

Sasa, kuna aliyekubaliwa fizikia ya form six ihesabike kama sayansi ya maabara, alipeleka nini? Na hizi za lazima nizimalize mapema au nizichanganye na za meja mpaka mwaka wa nne? Maana za kompyuta zinafuatana, ukiikosa moja zinazofuata zote zinasogea mbele.